Stuli ya Ailandi Inapimwa Kutoka Tumbo la Kaunta

Stuli nne zilifika Jumamosi jioni, mahogani safi, zimefungwa karatasi mpaka miguuni, na baba watoto ndiye alikuwa wa kwanza kukaa. Akavuta stuli mbele, akajaribu kuingiza miguu chini ya kaunta, mapaja yakagota. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena upande upande, ikabidi akae kama mtu amepanda pikipiki, sahani ya chai iko huko na yeye yuko huku. Mimi nikadhani fundi wa stuli amekosea kipimo, nikachukua tepu nikiwa na hasira kidogo. Stuli sentimita 65. Kaunta sentimita 90. Tofauti 25. Na kila mahali kwa intaneti wanasema kati ya kikalio cha stuli na kaunta iwe sentimita 25 mpaka 30, kwa hivyo hesabu ilikuwa sawa kabisa na bado miguu haiingii.

Ilinichukua siku mbili kuelewa, na vile nimeona majumba yanajengwa hapa Nakuru, Kiamunyi na Lanet na upande wa Naka, kila mtu saa hizi anataka ailandi, naona niandike hii kitu yote nilivyoielewa ili mwingine asinunue stuli mara mbili.

Ailandi, kwa yule hajaizoea hilo jina, ni ile kaunta inasimama peke yake katikati ya jikoni, haijashikana na ukuta wowote, upande mmoja unakatakata vitunguu na upande wa pili watu wanakaa. Kaunta hizi huja kwa urefu tatu. Wa kwanza ni urefu wa meza ya kawaida, sentimita 75 hivi kutoka sakafuni, ambao unakaliwa na kiti cha kawaida cha sentimita 45. Wa pili ni urefu wa kaunta ya jikoni, sentimita 90 au 91, ambao ni ile inchi 36 ya Wamarekani: kabati la chini inchi 34 na nusu, juu yake ubao au jiwe la inchi moja na nusu, basi. Hapo stuli inatakiwa iwe 60 mpaka 66. Wa tatu ni urefu wa baa, sentimita 105 mpaka 107, na stuli yake ni 75 kwenda 80. Huo wa tatu ulitoka kwa baa kweli, mahali mhudumu anasimama ndani na mteja amekaa nje, na kwa kuwa stuli ni ndefu macho ya aliyekaa yanakaribiana na ya aliyesimama, mnaongea bila mmoja kuinamia mwingine.

Sasa angalia tena hiyo hesabu ya kaunta ya Wamarekani. Inchi moja na nusu ni kama sentimita 4. Yaani kaunta yao ya 91 ukipima kutoka sakafu mpaka chini yake, pale kwa tumbo la kaunta, unapata 87. Ukikaa kwa stuli ya 65 unabaki na sentimita 22 za kupitisha mapaja. Paja la mtu mzima akiwa amekaa, kwa watu wengi, halizidi sentimita 17 au 18 hivi kwa unene, kwa hivyo 22 inatosha na unabaki na nafasi ya kupumua.

Yangu haikuwa hivyo. Kaunta yangu ni ya zege, vile kaunta nyingi za huku kwetu zinajengwa, fundi wa mawe anapanga mbao, anaweka vyuma, anamwaga slabu ya inchi tatu, halafu juu yake anakuja fundi wa granaiti na simiti yake na jiwe la sentimita 2. Nilipopima slabu pamoja na simiti pamoja na jiwe, nilipata sentimita 11. Kutoa 11 kwa 90 unabaki na 79, na ukiweka stuli ya 65 unapata nafasi ya sentimita 14 ya kupitisha mapaja. Hakuna mtu mzima kwa hii nyumba anapita kwa sentimita 14. Mtoto wa darasa la pili ndiye aliingia.

Hapo ndipo shida iko, na sikuiona imeelezwa mahali popote kwa sababu wanaoandika hizo namba wanaandika wakiwa na kaunta nyembamba akilini. Wanakwambia pima kutoka kikalio mpaka juu ya kaunta. Kwao ni sawa kwa sababu kaunta zao zote zina unene karibu sawa. Kwetu kaunta moja ni ya zege sentimita 11, nyingine ni ya blokbodi na granaiti sentimita 4, nyingine ni terazo ya zamani, nyingine fundi wa mbao ameweka ubao wa kuficha pembeni unaoshuka chini sentimita 8 ili ionekane nzito. Ukipima juu peke yake hujui chini kuna nini. Pima kutoka sakafu mpaka ile sehemu ya chini kabisa ambayo paja litapita, kama kuna ubao umeshuka pima mpaka chini ya huo ubao, halafu toa sentimita 20 mpaka 24. Hiyo namba unayopata ndiyo urefu wa kikalio cha stuli yako. Kama stuli ina mto laini, pima ukiwa umeukalia, kwa sababu mto mnene hushuka.

Kwangu mimi 79 kutoa 21 ilinipa 58. Hiyo saizi huwezi kuipata dukani, maduka yanauza 65 na 75, lakini fundi wa barabarani anakutengenezea yoyote unayomwambia mradi umwambie namba. Nikimwambia "stuli ya kaunta" ananipa ile amezoea. Na hakukosea hata kidogo, yule kijana alinitengenezea vile niliagiza.

Kuna upande wa pili wa hii mizani ambao lazima niuseme. Ukishusha stuli sana ili mapaja yapite, ule umbali wa juu unakuwa mrefu, na unajikuta unakula mabega yamepanda kama mtoto kwa meza ya wakubwa. Mimi na 58 yangu niko na sentimita 32 kutoka kikalio mpaka juu ya jiwe, nimezidi ile 30 kidogo, na ninaihisi nikikaa muda mrefu na laptopu, lakini kwa chai na mkate wala huoni. Ingezidi 35 ningesema hapana. Kwa hivyo kama slabu yako itakuwa nene sana, suluhisho liko kwa slabu yenyewe, ongea na fundi kabla hajamwaga. Unaweza kumwambia zege iishie pale kabati linaishia, halafu ile sehemu ya kukalia itokeze granaiti peke yake ikishikiliwa na breketi za chuma chini. Hapo unarudi kwa unene wa sentimita 2 au 3 na stuli ya kawaida inaingia. Lakini usikubali granaiti ya sentimita 2 itokeze mbali bila chuma, ikipita sentimita 15 hivi iwekewe breketi, kwa sababu kuna siku mtu ataegemea na kiwiko ama mtoto atapanda na goti, na granaiti haipindi kwanza ikupe onyo, inavunjika.

Hiyo sehemu inayotokeza, mafundi wengine wanaiita mdomo, ina hesabu yake pia na imefungamana na urefu. Kwa meza ya 75 magoti yanaenda mbele sana, unahitaji mdomo wa sentimita 45. Kwa kaunta ya 90 unahitaji 38. Kwa ya baa inatosha 30, sababu ukikaa juu miguu inaning'inia na kwenda chini badala ya kwenda mbele. Nimeona ailandi nzuri sana yenye taa tatu juu yake na mdomo wa sentimita 15, yaani hapo utakaa ukiwa umepanua miguu kila upande wa kabati ama ukae kando kando milele. Upana nao kila mtu apewe sentimita 60, viwiko visigongane, hivyo ailandi ya mita 1.8 ni stuli tatu hata kama duka limekuuzia nne kwa bei ya tatu.

Kabla sijaenda mbali, kuna hii ya taili. Mchoro wa nyumba unasema 900, yaani milimita 900, na kila mtu anakubali. Lakini kutoka wapi? Fundi wa mawe anapomwaga slabu ya kaunta mara nyingi sakafu bado ni zege mbichi, skridi, ile simiti ya kusawazisha sakafu, haijawekwa, taili hazijakuja. Akipima 90 kutoka hapo, halafu ije skridi ya sentimita 4 na taili na gundi yake sentimita 1 na kitu, kaunta yako imekuwa 85 na hakuna mtu amekosea kwa macho yake. Kaunta ya 85 siyo mbaya, kwa mtu mfupi ni nzuri hata, lakini stuli uliyoagiza ukiwa na 90 kichwani haiingii. Kwa hivyo ukiongea na fundi sema "tisini kutoka juu ya taili", useme kila siku, na stuli uziagize mwisho kabisa, taili zikiwa zimekauka na granaiti iko juu. Watu wananunua stuli mapema kwa sababu wameona zimeshuka bei. Najua hiyo tamaa, nilikuwa nayo.

Lakini namba sio jambo lote. Swali ambalo ningetaka mtu aniulize kabla sijajenga ni nani atakaa hapo na atakuwa akifanya nini.

Mamangu anakaa Lugari. Alikuja kuona nyumba mwezi baada ya sisi kuingia, na tayari nilikuwa nimesharekebisha stuli, kila mtu anakaa vizuri. Nikampikia, nikampangia sahani kwa ailandi pamoja na wengine. Akaishika ile stuli na mkono, akaiangalia, akaniambia, "Nyinyi kuleni tu mwanangu, mimi niletee hapa kwa kochi." Magoti yake hayawezi kupanda kitu cha sentimita 58 kisicho na mahali pa kushika, na hata akipanda miguu haifiki chini. Akala peke yake sebuleni sahani ikiwa mapajani, sisi tuko jikoni tunaongea kwa sauti ili atusikie. Ile jioni iliniuma kuliko stuli kukataa kuingia. Nimejenga nyumba na nimeiweka meza ya familia mahali mamangu hawezi kufika.

Na si wazee pekee. Mtoto wa miaka mitatu anapanda stuli ndefu haraka kuliko unavyogeuka, anasukuma kaunta na miguu, stuli inarudi nyuma na sakafu ni taili. Mama mjamzito naye tumbo likikua hawezi tena kupanda na kushuka mara kumi kwa siku. Kama nyumba ina watu kama hawa, na nyumba nyingi zetu zinao, urefu wa baa mimi singeuchagua kabisa, hata kama unaficha sahani chafu vizuri, maana hiyo ndiyo sifa watu wanauchagulia.

Dadangu yuko Mamboleo kule Kisumu na ailandi yake ni ya 105. Nimekula samaki hapo. Ugali na samaki mzima ni chakula cha mikono miwili, unainama kidogo juu ya sahani, unatafuta miiba, unakata tonge, unachovya, unarudi. Kwa meza ya chini mikono inashuka yenyewe. Kwa ile kaunta ya juu, stuli ikiwa fupi kidogo, viwiko vinabaki hewani wakati wote, na ukimaliza mabega yanauma na unashangaa kwa nini, kumbe ni kukaa. Kwa kahawa na gazeti ile kaunta ni tamu sana. Yeye mwenyewe anakula kwa meza ya sebuleni na watoto, na ailandi imebaki ya wageni kusimama wakiongea na mpishi.

Halafu kazi. Kaunta ya kufanyia kazi ukiwa umesimama inafaa iwe chini ya kiwiko chako sentimita 5 mpaka 10 hivi, hiyo ni ya kukatakata. Kazi ya kusukuma na kukandamiza inataka chini zaidi, kwa sababu unatumia uzito wa mwili, si mikono pekee. Jaribu kukanda unga wa chapati na kusukuma chapati ishirini kwa kaunta ya 90 kama wewe ni mfupi, mikono ndiyo inafanya yote. Jaribu kusonga ugali wa watu wanane sufuria ikiwa juu ya jiko la gesi lililowekwa juu ya kaunta ya 90, mwiko unafika karibu na kidevu. Ndio maana akina mama wengi wana jikoni zuri la granaiti na ugali wa wageni wanausongea nje, kwa jiko la chini.

Ukiunganisha hayo mawili, mzee asiyeweza kupanda na chapati inayotaka meza ya chini, jibu linajitokeza. Shusha sehemu ya ailandi. Sisi tuliongeza upande mmoja meza ya mbao imeshikana na ailandi, urefu sentimita 75, ubao wa sentimita 4, kwa hivyo chini yake ni 71, na viti ni vile vya kawaida vya 45 ambavyo tulikuwa navyo tayari. Ukihesabu, mapaja yana sentimita 26 na juu ni 30 kamili. Hapo ndipo chapati zinasukumwa, hapo watoto wanafanya homuweki miguu ikiwa chini, na hapo ndipo mamangu anakaa. Kama ningeanza upya ningefanya ailandi yote iwe na kaunta ya 90 ya kusimama bila stuli hata moja, na sehemu ya kukaa yote iwe 75. Najua haipigi picha vizuri kama ile ya usawa mmoja. Naisema hivyo hivyo.

Nafasi nayo uipime kabla ya kutamani. Nyumba nyingi kwa ploti ya futi hamsini kwa mia zina jikoni ya mita 3 upana. Toa kaunta ya ukutani sentimita 60. Toa njia ya mpishi, sentimita 105 ili mlango wa ovena ufunguke na mtu apite. Toa kabati la ailandi 60 na mdomo 38. Umetumia 263, umebaki na 37 nyuma ya stuli, na mtu aliyekaa peke yake anahitaji zaidi ya hiyo kabla hata mwingine hajapita. Kupita nyuma ya aliyekaa kwa kujibana ni sentimita 90, kupita ukitembea kawaida na sufuria mkononi ni 110. Kwa jikoni kama hiyo ailandi ya kukalia haiingii, mtu asikudanganye kwa mchoro. Shikanisha kaunta na ukuta upande mmoja, itokeze kama ulimi, watu wakae upande wa sebule ambako nafasi iko.

Unapochagua stuli zenyewe angalia chuma au ubao wa kuwekea miguu, uwe sentimita 40 mpaka 45 chini ya kikalio. Bila hicho miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unabana chini ya mapaja, dakika ishirini na vidole vinaanza ganzi. Yenye mgongo ni nzuri kwa wanaokaa muda mrefu, isiyo na mgongo inaingia yote chini ya kaunta na kuacha njia wazi. Zile za kupanda na kushuka kwa gesi zinasaidia sana kama hujui urefu ama watu wa nyumba wanatofautiana, ila uangalie namba ya chini kabisa zinayofikia, nyingi zinaishia 60 na kama slabu yako ni kama yangu bado hazitoshi.

Na kabla ya kutoa pesa fanya hivi: weka alama ya penseli ukutani kwa urefu wa juu ya kaunta na nyingine kwa urefu wa tumbo lake, halafu ukae mbele yake juu ya kitu chochote imara, kreti na mbao na vitabu, ukiongeza na kupunguza mpaka mapaja yawe chini ya alama ya pili na viwiko viwe karibu na ya kwanza bila mabega kupanda. Pima hapo. Mkae wote wa nyumba, mrefu na mfupi, kwa sababu stuli iliyomfaa mrefu wenu peke yake mtaijutia.

Kama umeshanunua na zimezidi, usikimbilie kuzirudisha. Stuli ya mbao ya miguu minne inakatwa. Zangu zilikatwa sentimita 7 kila mguu, fundi alizisimamisha zote kwa ubao ulionyooka, akazungusha mstari kwa penseli iliyolala juu ya kipande cha mbao cha sentimita 7 ili kila mguu ukatwe kwa pembe inayolingana na sakafu, kwa sababu miguu imetanuka na ukikata tu kwa tepu zinayumba. Pale pa kuwekea miguu hapakuharibika, umbali wake na kikalio ulibaki 43 vile vile, paliingia tu karibu na sakafu. Tukaweka raba mpya chini. Za bomba moja katikati haziwezi kukatwa hivyo, na za chuma zinataka mtu wa kuchomelea kofia mpya za miguu.

Vile vipande vya mahogani vilivyokatwa baba watoto alivitunza, na juzi fundi akija kuongeza ile meza ya 75 alivitumia kama kabari chini yake, upande ule sakafu ina mteremko kidogo wa kuelekea mlangoni.